Sukari Tuliyoipeleka Mombasa

Katika sisi watatu, aliyewahi kuishi katika mji mkubwa wa kigeni nilikuwa mimi peke yangu, kwa hiyo safari ya Mombasa niliipanga mimi. Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nirudi kutoka Ulaya ya Mashariki, nilikosoma miaka minne na kutunukiwa stashahada ya ufundi wa majokofu, na nilikuwa mtu wa kwanza wa kijiji chetu cha Mkwaja kupata karatasi ya namna hiyo. Baba yangu alikuwa mkwezi wa minazi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono wala mkubwa aliyeniandikia barua. Mitihani niliipita kwa kichwa changu mwenyewe, nikarudi kuendesha mitambo ya kiwanda cha barafu Tanga, na wazee wa pale hadi leo watakwambia kwamba enzi zangu mashine kubwa haikulala siku tatu mfululizo.

Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa miaka kadhaa, kisha ukafunguliwa. Watu wa Tanga wenye jamaa Mombasa walianza kwenda kuwaona. Wasio na jamaa walikwenda kuona maduka. Mimi niliwaambia rafiki zangu kwamba tutakwenda kuona mji, kama watu wanavyofanya kwingine duniani mwisho wa juma. Nikaandika ratiba kwa kalamu ya wino. Ijumaa kufika na kupumzika. Jumamosi asubuhi mji mpya, jengo lenye lifti, na yale meno ya ndovu yaliyosimamishwa barabarani. Jumamosi baada ya alasiri, ugeni. Jumapili ngome ya Wareno na mitaa ya kale, na saa nane mchana basi.

Huo ugeni, ambao kwenye ratiba niliuandika kwa neno moja tu, ndio uliokuwa kiini cha safari.

Rafiki yangu mmoja alikuwa Mhindi wa Barabara ya Kumi na Mbili, ambaye nilikaa naye dawati moja sekondari. Baba yake alikuwa amefariki, akawaachia yeye na mama yake duka la vitambaa lisilokuwa na vitambaa. Miaka ile rafu zao zilikuwa na vifungo, uzi wa rangi mbili, na makasha matupu yaliyopangwa ili ukuta usionekane. Umri wake ulikuwa umeshafika thelathini. Mama yake alikuwa amesikia habari za binti wa jamaa zao wa mbali huko Mombasa. Picha zikaenda, picha zikaja, na sasa baba wa binti alitaka kumwona kijana kwa macho yake. Ili isiwe aibu mambo yakiharibika, ilisemwa kwamba kijana anakwenda matembezi na wenzake wawili, na akiwa huko atapita kusalimu. Picha ya binti aliiweka ndani ya hati yake ya kusafiria, na nilimwona akiifungua hati ile mara nyingi mahali ambapo hakuna askari aliyeiomba.

Rafiki yetu wa pili alikuwa Mpemba aliyehamia Nguvumali, mfanyabiashara wa mchele na karafuu vilipopatikana, na wa maneno siku zote.

Mama wa Mhindi alikuwa ametayarisha zawadi ya kupeleka kwa wakwe, kipande cha hariri alichokihifadhi tangu arusi yake mwenyewe. Alinionyesha, nikamshauri vingine. Kule niliposoma kahawa ilikuwa adimu, na mgeni aliyeingia na pakiti ya kahawa hakuna mlango uliofungwa mbele yake. Mimi mwenyewe nilipata chumba chenye dirisha linalopata jua kwa pakiti mbili. Na Tanga yenyewe mambo hayakuwa tofauti. Siku hizo ukialikwa arusini ulipeleka kilo ya sukari au mche wa sabuni, umeufunga kwa karatasi ya maua, na jina lako likasomwa kwa sauti watu wakapiga makofi.

"Mama," nilimwambia, "hariri wanayo. Peleka kitu ambacho mtu akikiona anajua umekihangaikia."

Alimtazama mwanawe. Mwanawe akasema kwa kuwa msomi ndiye aliyesema, basi na iwe hivyo.

Sukari wakati ule ilitoka duka la ushirika la mtaa, kwa mgao, na kuna miezi haikutoka kabisa. Yule mama aliweka akiba miezi mitano. Asubuhi alikunywa chai isiyo na sukari huku akiing'ata tende moja kidogo kidogo hadi kikombe kiishe. Kopo lilipojaa kilo nne aliliziba kwa nta, akalifunga kwa karatasi ya kung'aa na utepe mwekundu, akatukabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

Tulipofika Horohoro, ofisa wa forodha wa upande wetu aliuliza kopo lina nini. Mhindi akasema sukari, zawadi ya ukweni. Ofisa akamwita mwenzake aliyekuwa chumba cha ndani aje aone.

"Mimi hapa nakamata sukari inayoingia," akasema. "Inayotoka sijawahi kuiona. Mnampelekea nani?"

Mpemba akamjibu kwamba tunawapelekea maskini wa Mombasa. Maofisa wote wawili walicheka mpaka mmoja akakaa kitini, wakaturuhusu kupita bila kufungua hata begi moja. Mimi sikucheka. Nilimwona yule ofisa kuwa mtu ambaye hajatembea.

Mombasa tuliingia kwa kivuko cha Likoni, tukapanga chumba kimoja chenye vitanda vitatu, na Jumamosi asubuhi nikawatoa kwa mujibu wa ratiba. Niliwaonyesha lifti namna inavyoitwa na namna ya kusimama ndani yake. Mpemba alishika ukuta kwa mikono miwili, akasema kama ni kufa angependa afe akiwa anaona nje. Juu kabisa tulitokea kwenye paa, tukaona kisiwa chote, bandari, na meli zilizosubiri zamu ya kuingia. Nikawaeleza ni zipi za makontena na ni zipi za mafuta. Kisha tukashuka tukapita chini ya meno ya ndovu. Kwa picha ni makubwa; kwa macho ni mabati yaliyopigwa rangi nyeupe, kazi safi ya kuchomelea, ingawa viungo vya upande mmoja vilihitaji kupigwa msasa.

Lakini wenzangu hawakuwa wakitazama juu. Walitazama vioo vya maduka. Mpemba alisimama mbele ya duka moja akihesabu kwa kidole.

"Yakhe, kumi na moja," akaniambia. "Sabuni aina kumi na moja, tena za kuogea tu. Za kufulia bado sijazigusa."

Hatua chache mbele, nje ya duka la nafaka, palikuwa na magunia ya sukari yaliyofunguliwa midomo, yameachwa njiani kama mchanga wa fundi. Hapakuwa na askari wala foleni. Mwanamke mmoja alipita, akachota kiganja akaitazama, akairudisha, akaenda zake. Niliyaona magunia yale. Nilimwona na Mhindi akiyaona. Bidhaa za Mombasa tulikuwa tukizisikia. Zilivuka kwa magendo, tukazinunua kwa kificho kipande kimoja kimoja. Ila kwa vile zilitufikia kipande kimoja kimoja, tulidhani na huko ziko hivyo hivyo.

Mhindi akaniuliza taratibu kama tungetafuta kitu kingine cha kupeleka. Nikamwambia zawadi ya mama haibadilishwi njiani. Hapo ningeweza kusema vinginevyo, na sikusema.

Baada ya swala ya alasiri tulikwenda. Ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili, chini duka la vyombo, juu sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe. Mzee mwenye nyumba, baba wa binti, alikuwa mfupi, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Tulimpa shikamoo zetu, akazipokea kwa utulivu. Upande mmoja wa sebule palikuwa na pazia zito la kijani, na nyuma yake palisikika vikombe na minong'ono ya wanawake. Alituuliza habari za njia, za kazi zetu, za marehemu baba wa Mhindi, ambaye alimjua kwa jina. Nilieleza stashahada yangu. Alitikisa kichwa kwa heshima. Mambo yalikwenda vizuri hadi kopo lilipopelekwa nyuma ya pazia.

Tulisikia karatasi ikifunguliwa. Tukasikia nta ikibanduliwa kwa kisu. Kisha sauti ya msichana mdogo ikasema, "Ni sukari," na mtu mwingine akacheka, akazibwa mdomo, akacheka tena puani.

Mzee akaagiza kopo liletwe. Likawekwa mezani mbele yetu. Sukari yetu ya mgao ilikuwa ya rangi ya vumbi, yenye madonge, na hapo pembeni yake palikuwa na bakuli la sukari ya nyumba ile, nyeupe, iliyotayarishwa kwa chai. Aliitazama moja, akaitazama nyingine.

"Kwani huko Tanga mmesikia sisi huku hatuna sukari?" akauliza.

Hakuwa na hasira. Alikuwa ameumia, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake haina chakula. Nikaanza kumweleza habari za kahawa na Ulaya, nikajisikia mwenyewe kwamba maelezo ni marefu na hayafiki popote. Mpemba akasema sukari ya Tanga huwa na nguvu zaidi. Hakuna aliyecheka.

Ndipo Mhindi alipozungumza, kwa sauti ya kawaida, mikono yake ikiwa magotini.

"Huo ni mgao wetu wa miezi mitano, mzee. Mama hakutia hata kijiko katika chai yake. Alitaka kuleta hariri, tukamwambia alete kitu cha thamani zaidi. Kwetu cha thamani ni hicho."

Alisema tukamwambia. Nilikuwa nimemwambia mimi peke yangu.

Nyuma ya pazia minong'ono ilikatika. Mzee aliliziba kopo kwa mkono wake mwenyewe, akalipeleka ndani badala ya kumwita mtu, na aliporudi chai ilikuja na mazungumzo yakahamia kwenye bei za nyumba. Mpemba alitia vijiko vinne katika kikombe chake, akakoroga kwa muda mrefu. Binti hatukumwona. Aliyeleta chai alikuwa mdogo wake.

Tulipoaga, mzee aliwatanguliza wenzangu, akanishika mimi kiwiko pale kwenye ngazi. Nadhani aliniona ndiye msemaji wa msafara, na hakukosea.

"Kijana tumemkubali," akaniambia. "Tanga ndiyo hatujaikubali. Akihamia huku nitampa nusu ya duka hili la chini aliendeshe, na arusi iwe kabla ya Ramadhani. Mwambie anipe jibu kesho kabla hamjaondoka."

Niliwafikisha wenzangu hadi kule kwenye mnara wa taa, ambako watu wa Mombasa huenda kupunga upepo na kula mihogo ya kukaanga, nikayatoa maneno ya mzee kama yalivyotolewa. Mpemba alisema kama ni yeye angekwisha lala humo humo dukani. Mhindi alikula muhogo wake wote, akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

Jumapili niliwapeleka ngome ya Wareno. Ni jengo la maana. Nimeona ngome za Ulaya, na hii kwa unene wa kuta haizionei haya. Kwa kulinganisha niliwaambia habari za magofu ya Tongoni, kwamba na sisi tuliwahi kujenga kwa mawe ya matumbawe, ila ya kwetu hakuna anayekata tiketi kuyaona. Nilikuwa bado naeleza hayo juu ya ukuta, mizinga ikiwa chini yetu, Mhindi aliponikatiza.

"Nimefikiri," akasema. "Siendi kuishi huku. Mama anafungua duka kila siku saa mbili, anapangusa yale makasha matupu, anakaa. Nikimhamisha atakuja, lakini atakuwa anakaa kwa watu. Nikimwacha, nitakuwa nimemwacha."

Nikamwambia basi twende tukamjibu mzee. Akatikisa kichwa.

"Nenda wewe. Mimi nikienda nitasema ndiyo."

Ilikuwa saa tano na nusu. Nikawaachia mabegi na ratiba, nikakubaliana nao tukutane kituo cha basi, nikaenda peke yangu. Njiani niliandaa maneno kama nilivyozoea kuandaa ripoti za kiwanda: shukrani kwanza, sababu, samahani, kuaga. Mzee alinipokea sebule ile ile, pazia lile lile. Nikamweleza kwamba rafiki yangu anashukuru sana na hawezi kuhama, na nikamweleza habari za mama na duka. Juu ya hayo nikaongeza jambo ambalo hakunituma: kwamba shauri la sukari lilikuwa langu, kijana hakuhusika.

Kisha akaniuliza swali ambalo sikuliandalia jibu.

"Wewe umekaa Ulaya miaka minne. Una fani yako mkononi. Kwa nini ulirudi?"

Watu wengi walikuwa wameniuliza hivyo Tanga, na nilikuwa na jibu la kuwapa, kuhusu taifa na wajibu. Siku ile nilisema, "Mashine ikisimama Tanga, wananiita mimi. Usiku au mchana, wanatuma mtu mpaka mlangoni kwangu. Kule ikisimama wangemwita fundi yeyote."

"Na huyo mwenzako? Anaitwa na nani, kwenye duka tupu?"

Nikamwambia ukweli, kwamba mtaa mzima unamwita. Baba yake alikuwa akiandika na kusoma barua za watu wasiojua kusoma, naye ameendelea nayo. Watu huja na barua zao hata kama hakuna kitambaa cha kununua. Kwamba wakati wa msiba yeye ndiye anayepewa kazi ya kutafuta sanda, na huipata, hata mwaka ule ambao sanda haikuonekana mjini. Nikasema pia kwamba inasemekana serikali itaruhusu wenye maduka waagize bidhaa nje kwa fedha zao, ila nisingependa amwoze binti yake kwa habari za kusemekana.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Haikuwa ya yule msichana mdogo.

"Baba, muulize huyo kaka, kwa mwenzake maji yanatoka?"

Mzee akageuka kulitazama pazia. Kisha akanigeukia. "Umesikia ulivyoulizwa," akasema.

"Yanatoka alfajiri," nikajibu nikielekea pazia. "Bombani uani. Wanajaza mapipa mawili."

"Kila siku?"

"Si kila siku."

"Na mafuta ya taa?"

"Kwa mgao."

Ikafuata mkaa, ikafuata uani kuna jirani gani, ikafuata kama mama wa Mhindi ni mkali. Niliyajibu yote bila kupunguza wala kuongeza, na mimi si mtu wa kupunguza. Mzee alisikiliza kama mtu anayesikiliza mnada wa mali yake mwenyewe. Maswali yalipokwisha hakunipa jibu lolote, ila alinisindikiza hadi chini barabarani, jambo ambalo jana yake hakulifanya, na akaniuliza basi letu ni la saa ngapi. Lilikuwa la saa nane, na saa nane ilikuwa imebaki dakika kumi.

Nilifika kituoni nikitokwa jasho. Injini ilikwisha washwa. Mpemba alikuwa amesimama mlangoni mguu mmoja ndani mmoja nje, akimweleza kondakta kwamba daktari wetu yuko njiani na asipofika basi litasafiri bila daktari. Mhindi alikuwa amekaa dirishani, mabegi matatu juu ya magoti. Nilipoketi hakunitazama.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu. Ila binti aliuliza maji."

Sasa alinigeukia. "Maji gani?"

"Maji ya kwenu. Kama yanatoka."

"Ukajibu nini?"

"Alfajiri. Na si kila siku."

Alinikazia macho kama vile nilikuwa nimeangusha kitu chake chini. "Na Ijumaa jioni? Hukumwambia kwamba Ijumaa jioni yanatoka?"

"Sikukumbuka."

"Yanatoka mpaka magharibi, bwana. Tena kwa nguvu. Mama hufua Ijumaa." Alikuwa ameanza kuyatoa mabegi magotini, akanipa langu, akampa Mpemba lake. "Na kisima cha msikitini ulimwambia?"

"Hakuuliza kisima."

"Wewe ungemwambia tu."

Kondakta akapiga bodi ya basi kwa kiganja. Mpemba akasema, "Yakhe, kaa, gari laondoka," lakini Mhindi alikuwa amekwisha simama, begi begani, anajipenyeza katikati ya watu na vifurushi vyao. Nikamwuliza nikamwambie nini mama yake. Akajibu bila kugeuka kwamba atarudi na basi la kesho, au la kesho kutwa. Kondakta akamfungulia mlango kwa kununa, naye akateremka, akasimama kidogo kuchomekea shati, akashika njia niliyokuja nayo.